Haisomeki au Haisomwi? Kiswahili cha Kutambua Hitilafu za Kompyuta Yenye Mifumo Endeshi Miwili



1. Utangulizi

Najua baadhi yenu mlipoisoma mada hii mlijiuliza kama mwalimu wa isimu amepotea njia na kuingia katika karakana ya mafundi. Hamkukosea sana. Hata hivyo, nitajaribu kuonyesha kwamba katika karakana hiyo nilikuta swali la sarufi, na kwamba kutolijibu swali hilo kulikaribia kuteketeza kazi ya miaka minne ya kijana mmoja wa Nyabibuye.

Kwa wasioifahamu, Nyabibuye ni kata ya nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, upande wa mpaka wa Burundi. Zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Kibondo. Tangu wilaya ya Kakonko ilipoundwa mwaka 2012, imo katika wilaya hiyo. Mtoto wa huko huanza kusema Kiha nyumbani, hujifunza kusoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika sekondari. Kwa hiyo mtu wa Nyabibuye anapoketi mbele ya kompyuta, huwa ana lugha mbili zilizo karibu na moyo wake, na ya tatu iliyo mbele ya macho yake. Kompyuta inapokuwa nzima, umbali huo hauonekani. Inapoharibika, umbali huo ndio unaoamua kama itapona.

2. Kisa chenyewe

Mnamo Machi 2023 nilipigiwa simu na mpwa wangu, mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa na kompyuta mpakato kuukuu yenye mifumo endeshi miwili katika diski moja: Windows, aliyoizoea kwa kujazia alama za wanafunzi, na Linux, aliyowekewa na rafiki yake kwa kuwa ilikuwa nyepesi zaidi kwa mashine ya umri ule. Ndani ya Linux alikuwa amehifadhi orodha ya maneno na methali za Kiha alizozikusanya kwa wazee, pamoja na sauti zao. Nakala ya pili hakuwa nayo. Ni kosa, naye anakiri.

"Shikamoo mjomba. Kompyuta imekufa."

"Marahaba. Imekufa vipi?"

"Imekufa kabisa. Fundi ameiona. Anasema diski haisomeki, nimpe ruhusa aifute aweke Windows upya."

"Ukibonyeza kitufe, taa inawaka?"

"Inawaka."

"Na kwenye kioo kuna nini?"

"Kuna maandishi meupe, ya Kiingereza."

"Basi haijafa, mwanangu. Maiti haandiki. Mwambie fundi asubiri."

Maandishi yale yalikuwa maneno matatu yaliyomaanisha kwamba hakuna kizigeu cha namna hiyo, na chini yake mashine ilikuwa imeandika neno la kuomba amri: "grub rescue". Kizigeu ni sehemu ya diski iliyotengwa na nyingine, kama chumba kilichotengwa kwa ukuta. Fundi aliusoma ujumbe ule akaelewa kwamba chumba kimebomoka. Mimi niliuliza swali moja tu: kabla ya hapo, ulifanya nini? Akajibu kwamba siku iliyotangulia, akiwa ndani ya Windows, alikuta kizigeu kimoja kitupu kisichotumika, akakifuta ili apate nafasi. Hapo nikaanza kupumua.

3. Namna kompyuta inavyoamka

Ili tuelewane, yatupasa kufuata hatua za kuamka kwa kompyuta, kwani hitilafu huingia kati ya hatua moja na nyingine.

Unapobonyeza kitufe, umeme huingia na programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mama huanza kazi. Katika mashine za zamani programu hiyo ni BIOS, iliyokuja na kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981. Katika mashine za sasa ni UEFI. BIOS hukagua vifaa, kisha husoma sekta ya kwanza ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512 tu: baiti 446 ni za programu, 64 ni za jedwali la vizigeu, na 2 za mwisho ni alama ya uhalali. Katika baiti zile 446 haiwezekani kuingiza mfumo endeshi. Huingizwa hatua ya kwanza ya programu ya kuamsha, ambayo kazi yake ni kuita hatua inayofuata, nayo iite kiini cha mfumo.

Windows ina programu yake ya kuamsha. Linux kwa kawaida hutumia GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995 na kupokelewa baadaye katika mradi wa GNU. Katika kompyuta yenye mifumo miwili, GRUB ndiyo huonyesha menyu na kumwachia mtumiaji achague. Ni bawabu wa nyumba yenye wapangaji wawili. Bawabu akipotea, wapangaji wote wawili hubaki ndani, wazima wa afya, lakini hakuna wa kuwafungulia.

Programu hii tuiiteje kwa Kiswahili? Wapo wasemao kipakiaji, kwa kuwa hupakia mfumo katika kumbukumbu. Si neno baya. Lakini wasemaji wetu wanalo tayari umbo la kiamsha kinywa, ambalo kila mtu hulielewa. Napendekeza kiamsha mfumo. Kinachoamshwa kilikuwa kimelala, hakikuwa kimekufa. Istilahi inayomkumbusha fundi jambo hilo imekwisha kufanya nusu ya kazi.

4. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa

Hapa ndipo nilipolikuta swali la sarufi. Fundi alisema "diski haisomeki". Ukweli ulikuwa kwamba diski haikuwa ikisomwa. Tofauti hiyo hufundishwa katika mwaka wa kwanza wa isimu, nasi huidhani kuwa ni ya mtihani tu.

Tuangalie mfano wa nyumba. Tukisema "nyumba haikaliki", tunaeleza hali ya nyumba yenyewe: paa linavuja, kuta zina nyufa. Tukisema "nyumba haikaliwi", hatujasema lolote kuhusu kuta. Tumesema tu kwamba hakuna mkaaji. Kauli ya kutendeka huiweka sababu ndani ya kitu chenyewe, wala haikubali kutajiwa mtenda. Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda, na hivyo hutulazimisha kuuliza: na nani? Hakuna mtu mwenye akili timamu abomoaye nyumba kwa sababu tu haikaliwi.

Vivyo hivyo, diski isiyosomeka ni diski mbovu: BIOS haiioni, au inatoa sauti ya kugonga, au data zake zinarudi na makosa. Diski isiyosomwa ni nzima, lakini aliyepaswa kuisoma hayupo au ameelekezwa pasipo. Ya kwanza ni ugonjwa wa kifaa, ya pili ni upungufu wa maelekezo. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine, kwani ukiifuta diski iliyokuwa haisomwi tu, umeua mgonjwa aliyekuwa amelala.

Watumiaji wa simu wameikubali tofauti ya namna hii bila mwalimu. Sauti ya mtandao ikisema kwamba mteja hapatikani, hakuna anayekaa matanga. Sote twajua kwamba huenda simu imezimwa, au yuko bondeni pasipo mawimbi. Ujuzi huo wa lugha tunao. Hatujauhamishia kwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta ilitujia na neno moja zito: imekufa.

Kutokana na hayo, napendekeza kwamba mtu anayekagua mashine ajiulize maswali manne, kwa vitenzi vinne, na kwa utaratibu huu.

Kwanza, inawaka? Kama taa na feni havionyeshi uhai, tatizo ni la umeme, chaja au betri. Mfumo endeshi hauhusiki.

Pili, inaamka? Kama inawaka lakini haifiki kwenye nembo wala kwenye ukurasa wa mipangilio, tatizo liko kwenye kumbukumbu au ubao mama. Aidha, katika mashine za mezani za zamani, betri ndogo ya ubao mama ikiisha, saa hurudi nyuma na mipangilio hurejea ya kiwandani. Baada ya hapo diski nzima yaweza kutoonekana kwa sababu tu namna ya kuwasiliana nayo imebadilika.

Tatu, diski inasomeka? Fungua ukurasa wa mipangilio ya BIOS au UEFI uone kama jina la diski limo. Au washa kompyuta kwa diski mweko yenye Linux isiyohitaji kusakinishwa, ujaribu kufungua mafaili. Yakifunguka, yanakili mahali pengine kabla ya kufanya jambo lolote.

Nne, mfumo unaitwa? Kama matatu ya kwanza yamejibiwa ndiyo, basi hitilafu ni ya kiamsha mfumo, na hakuna sababu ya kufuta chochote.

5. Matengenezo ya simuni

Turudi Nyabibuye. Diski ya mpwa wangu ilikuwa na jedwali la vizigeu la mtindo wa zamani, ambalo huruhusu vizigeu vya msingi vinne tu. Kikihitajika zaidi, kimojawapo hugeuzwa kuwa kizigeu kikuu cha nyongeza, na ndani yake huwekwa vingine vinavyohesabiwa kuanzia namba 5. Linux yake ilikuwa namba 6. Alipokifuta kizigeu kitupu namba 5, waliobaki walisogea: aliyekuwa namba 6 akawa namba 5. Ni kama mtaa uliopewa namba mpya za nyumba usiku, na asubuhi tarishi akaja na barua ya nyumba namba 6. Tarishi alisema kweli: nyumba hiyo haipo. Lakini mwenye nyumba alikuwa bado ndani, akinywa chai.

Hivyo ujumbe wa GRUB ulikuwa sahihi kabisa. Ulisema hakuna kizigeu cha namna hiyo. Haukusema kwamba kizigeu kimeharibika, wala kwamba data zimepotea. Nilimwomba aandike kwanza amri ya kuorodhesha:

ls

Mashine ikamtajia vizigeu vyake. Nikamwambia avichungulie kimoja kimoja, mpaka akikute chenye saraka ya GRUB:

ls (hd0,msdos5)/boot/grub

Mafaili yakajitokeza. Kisha, herufi kwa herufi, nikimtajia mabano, mkato na mkwaju, aliandika:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Menyu ikarudi, na Windows na Linux zote mbili zikiwamo. Sikuwahi kumsikia mwalimu akicheka hivyo. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, kwa kuwa amri hizo hudumu mpaka kompyuta izimwe. Alipoingia katika Linux alifungua dirisha la amri na kukiandika upya kiamsha mfumo katika diski, kisha akaijenga upya menyu:

sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub

Hapo jina la diski lazima lihakikishwe kwanza, na katika mashine hii huandikwa jina la diski nzima, bila namba ya kizigeu. Shughuli yote ilichukua takriban saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo haikutumika kwa ufundi. Ilitumika kwa kutafuta majina ya alama za kibodi ambayo sisi sote wawili tungeyaelewa.

6. Mashine za sasa

Wanafunzi wangu wataniambia kwamba mashine za kisa hiki zinapita. Ni kweli. Katika UEFI, viamsha mfumo hukaa pamoja kama mafaili katika kizigeu kidogo maalumu, na ubao mama hutunza orodha ya nani aitwe kwanza. Jedwali jipya la vizigeu halina ule mpaka wa vizigeu vinne. Hata hivyo, kanuni yetu ya vitenzi haijachakaa. Yaweza kutokea kwamba baada ya kuisakinisha au kuikarabati Windows, orodha hiyo ikaiweka Windows mbele, na Linux ikaonekana kuwa imetoweka. Haikutoweka: haiitwi. Mara nyingi hutosha kuingia katika mipangilio ya UEFI na kubadili utaratibu, au kuubadili ndani ya Linux kwa amri ya efibootmgr.

Zaidi ya hayo, imeongezeka hali ya tano. Mnamo Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows liliwafanya baadhi ya watumiaji wa mifumo miwili washindwe kuifungua Linux, kwa kuwa viamsha mfumo vya matoleo ya zamani vilikataliwa na utaratibu wa kuhakiki sahihi. Hapo mfumo uliitwa, ulisomeka, lakini haukuruhusiwa. Kitenzi kingine, na dawa nyingine: kusasisha kiamsha mfumo, au kuuzima ukaguzi huo kwa muda ili kuingia na kusasisha.

Nayo haja ya mifumo miwili haijapungua. Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye mashine zisizopokea toleo jipya wana sababu ya kuiweka Linux kando ya ile waliyoizoea. Makosa ya kuamka tutaendelea kuyaona.

7. Wajibu wa wanaisimu

Taifa letu halijalala katika suala la istilahi. BAKITA imekuwapo tangu mwaka 1967. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wake wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na katikati ya muongo huo Microsoft nayo ilitoa violesura vya Kiswahili. Tulibishana, na bado tunabishana, kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mabishano hayo yana faida, lakini yanahusu nomino. Tumekipa kifaa majina matatu, na hitilafu zake zote tumezipa kitenzi kimoja.

Jibu la haraka lingekuwa kutafsiri ujumbe wa GRUB. Ni programu huria, na ujumbe wake hutafsirika. Kazi hiyo ni njema na ninawahimiza wanafunzi waifanye. Lakini lazima niwaeleze ukweli mmoja mgumu. Tafsiri hizo huhifadhiwa kama mafaili katika kizigeu kilekile ambacho GRUB hukitafuta. Inapokikosa, haina mahali pa kuzichukua, kwa kuwa sehemu yake iliyoko mwanzoni mwa diski ni finyu: katika diski nyingi zilizogawanywa kwa mtindo wa zamani nafasi iliyopo ni takriban kilobaiti 31. Kwa hiyo, katika dakika ambayo mtumiaji anakihitaji Kiswahili kuliko wakati mwingine wowote, mashine itasema Kiingereza, hata tukimaliza kuitafsiri yote.

Maana yake ni kwamba Kiswahili cha dakika hiyo hakiwezi kukaa ndani ya mashine. Sharti kikae kwa mtu: katika karatasi iliyobandikwa ukutani mwa chumba cha kompyuta, katika kinywa cha fundi, katika somo la sekondari. Nazungumzia ukurasa mmoja, wenye yale maswali manne, tafsiri ya ujumbe usiozidi kumi unaotokea mara kwa mara, majina yaliyokubaliwa ya alama za kibodi, na onyo moja kwa herufi kubwa: USIFUTE KABLA YA KUNAKILI. Ukurasa huo hauhitaji ruzuku. Unahitaji mwanaisimu na fundi waketi meza moja kwa siku moja.

Simlaumu yule fundi. Alitumia neno alilorithi, nalo lilimpeleka lilikompeleka. Sisi tulio na tofauti ya haisomeki na haisomwi katika madaftari yetu ndio tuliochelewa kumpelekea.

8. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, niseme lililobaki. Mpwa wangu alipokwisha kutengeneza alinakili mafaili yake katika diski mweko mbili, moja akaniletea mwenyewe. Nilisikiliza sauti zilizomo. Kati ya wazee waliorekodiwa, mmoja alikuwa amekwisha kufariki kabla ya siku ile ya simu. Methali zake zilikuwa katika kizigeu namba 6, kilichokuwa kimekuwa namba 5, na fundi alikuwa amebakiza kubonyeza kitufe kimoja.

Laiti angekibonyeza, tungesema kwamba maneno yale yamepotea, na lugha yetu ingeturuhusu kusema hivyo, kana kwamba yalipotea yenyewe. Ukweli ungekuwa kwamba yamefutwa. Nawaomba wanafunzi watakaotoka hapa waende na tofauti hiyo.